Kiapo Chetu cha Miezi Mitatu

Wiki iliyopita niliwaacha pale kaka yangu Fermín na mimi tulipopiga magoti mbele ya Bikira Maria wa Guadalupe, tarehe kumi na mbili Septemba, tukaapa kuacha sigara. Wengi mmeniandikia kunipongeza. Asanteni. Sasa kaeni chini, maana pongezi hizo mtataka niwarudishie.

Nilivuta.

Ndani ya kiapo nilivuta, na si mara moja. Mwenye jiwe na alishike, nitasubiri hapa hapa.

Kwa aliyechelewa kuanza hadithi hii: naitwa Nicolasa Arreola, mjane wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Michoacán ng'ambo ya mpaka, mfungashaji katika kiwanda cha mboga za barafu hapa Watsonville, California. Nimevuta tangu nina miaka kumi na saba. Kwa mwanamke wa kwetu hiyo ni kazi ya kuvutia chooni na nyuma ya mabanda, kisha kutafuna majani ya mnanaa kama mbuzi.

Fermín ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Yeye amevuta hadharani maisha yake yote, katika mashamba ya stroberi, mpaka mshipa wa mguu wake wa kushoto ukaziba. Daktari alimweleza kwa Kihispania kibovu lakini kilichoeleweka.

"Sigara au mguu, Don Fermín. Nitakupasua tarehe tisa Januari nikikuta umeacha. Ukiwa bado unavuta sipasui, maana mshipa utaziba tena. Na nisipopasua, mguu huo tutaukata."

Ndipo alipoingia Binti Amparo, wa mpango wa kujitegemea katika kuacha sigara, na kijitabu chake cha Kihispania. Kijitabu kizuri, nasema wazi, kimeandikwa na watu wanaotujua. Kinakwambia uizungushie pakiti karatasi na mpira, na kila ukichomoa sigara uandike kwenye karatasi saa ngapi na kwa nini. Kinakwambia uchague mwenzako wa kuacha naye. Kina ukurasa wa kutia saini, na namba ya simu ya kupiga ukizidiwa. Zaidi ya hapo ni wewe na roho yako, ndiyo maana wakauita wa kujitegemea.

Ukurasa ule wa saini una mstari wa tarehe ya kuanza. Hauna mstari wa tarehe ya kumaliza. Sisi tuliona hilo ni kosa la mpiga chapa.

Msitucheke. Kwetu mwanamume akitaka kuacha pombe huenda kwa padri, huapa kwa Bikira miezi mitatu, sita, au mwaka, akapewa kadi yenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha. Na havunji. Mke atamdanganya, bosi atamdanganya, Bikira hathubutu kumdanganya. Kadi ikiisha, kesho yake hulewa mpaka mbwa wa mtaani wanamwonea huruma. Basi nasi tukaichukua sigara tukaipeleka kwa padri kama tulivyozoea kupeleka pombe. Fermín, mimi, na wanaume kumi na mmoja wa mpango, mzee Don Lupe akiwemo, wote tukaapa. Kuanzia kumi na mbili Septemba, kwisha kumi na mbili Desemba, sikukuu ya Mama mwenyewe. Padri Eusebio akagonga mihuri. Binti Amparo alipoona kadi zetu akafurahi, akadhani ni picha za kutunza tu.

Siku ishirini nilikaa kweli. Nataka hilo liandikwe. Siku ishirini nilikuwa mwanamke wa chuma.

Siku ya ishirini na moja redio ikaja. Mpango una kipindi kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu, na walitaka sauti ya mwanamke. Nikasema kwenye kinasa sauti: "Mimi ni Nicolasa, mfungashaji kama ninyi. Nimeacha. Kama mimi nimeweza, wewe unangoja nini?" Nikatoka studio nikiwa nimevimba kichwa, nikaenda kazini, na wakati wa mapumziko Chole akanikuta nyuma ya chumba cha barafu.

Soledad Barragán, yaani Chole, ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu, kwa hiyo tunaitana komadre. Tumevuta pamoja nyuma ya chumba kile miaka kumi na minne.

"Karibu, mheshimiwa wa redio," akasema. "Nisimame au nipige magoti?"

"Acha zako, komadre."

"Nimeacha zangu. Hii ni yako." Akaninyooshea moja. "Vuta tu umwambie Bikira ilikuwa ya kwangu."

"Nimeapa, Chole."

"Umeapa kwa Bikira, hukuapa kwangu. Mimi umeniacha peke yangu na ukuta huu wiki tatu. Huo ndio urafiki?"

Ningeweza kuwaambia kwamba alinishawishi. Uongo. Niliichukua kabla hajamaliza kusema, na ilikuwa tamu kuliko harusi yangu. Baada ya hapo ikawa moja kwa siku, siku nyingine mbili, na kila Jumatatu sauti yangu ikisema siku thelathini, siku hamsini, siku sabini. Chole alikuwa akisikiliza kipindi huku akipuliza moshi juu na kunipigia makofi.

Na Fermín?

Fermín hakugusa. Mtu aliyekuwa akivuta pakiti mbili kwa siku. Usiku wa tatu alikaa jikoni kwangu akiwa ameng'ata taulo. Alinenepa, akawa mkali, akagombana na paka. Jumatatu moja nilimkuta ameegemeza sikio kwenye redio, machozi yanamtoka bila aibu.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nisingekuwa na wewe ningeshavuta siku ya kwanza. Kila nikishikwa, najiambia, Nico anaweza na yeye ni mwanamke, anasimama kwenye mstari wa brokoli kwa saa kumi. Siku utakayovuta wewe ndiyo siku nitakayovuta mimi."

Nilimjibu nini? Nilimwambia anywe chai yake. Kisha nikaenda kutafuna mnanaa.

Wiki ya kwanza ya Desemba nilikuwa nafua mashati yake. Katika mfuko wa kifua nikapapasa kitu kigumu. Nikatoa. Sigara moja, imeviringishwa karatasi, imefungwa mpira kama kijitabu kilivyofundisha. Juu ya karatasi ameandika: "13 Desemba, asubuhi."

Nikamwendea nayo kibarazani.

"Hii nini, kaka?"

"Rudisha hiyo."

"Nimekuuliza hii nini?"

"Ni ya tarehe kumi na tatu. Kadi inaisha kumi na mbili, sivyo? Nimeapa miezi mitatu nimekaa miezi mitatu. Bikira hanidai."

"Na mguu? Upasuaji ni Januari tisa!"

"Moja tu, Nico. Wote walioapa wanayo. Don Lupe ana pakiti nzima kwenye friji ili isikauke. Unafikiri tumevumilia kwa nini? Kwa sababu tunajua siku."

Nilisimama pale na sigara ile mkononi, na hasira ikanipanda mpaka kooni, na haikupata pa kutokea. Ningemkemea kwa mdomo upi? Ule wa redioni, au ule wa saa nne nyuma ya chumba cha barafu? Nikamrudishia. Nikamwambia ataomba msamaha akiwa na mguu mmoja. Akaniambia maadamu mimi siivuti, basi atafikiria.

Maadamu mimi siivuti!

Sikukuu ikaangukia Jumanne. Alfajiri tukamwimbia Mama nyimbo zake, wanamuziki wa mariachi wakiwa wamevaa makoti juu ya sare kwa baridi. Kisha wanawake tukaingia jiko la parokia kupika kwa mvuke tamale, ile mikate ya unga wa mahindi inayofungwa kwenye maganda. Chole na mimi tulitoka nje kutupa maganda ya mahindi. Mnajua tulitupa nini kingine. Vipande viwili vya sigara.

Saa nne kasoro Binti Amparo akaingia na sanduku dogo jeusi.

"Doña Nicolasa, nina zawadi!" Msichana yule akifurahi hujirusharusha kama mtoto. "Baada ya misa kila mtu atapuliza humu mbele ya watu. Mashine inasoma moshi kwenye pumzi na kutoa namba. Aliyeacha, taa ya kijani. Redio itakuwepo, moja kwa moja. Na wewe utafunga kazi, wa mwisho, baada ya kaka yako."

"Na anayevuta?"

"Nyekundu. Lakini kwetu hakuna, siyo?"

Tamale ikaniponyoka ikaangukia kiatu changu.

Nikaenda mbio hadi chumba cha mavazi, nikamkuta Padri Eusebio amekwama kwenye kanzu, kichwa bado hakijatoka.

"Baba, naomba ruhusa."

Mtakumbuka, au kama hamjui nawajulisha: mtu aliyeapa akiwa na harusi au ubatizo wa mtoto wake, huweza kwenda kwa padri akapewa ruhusa ya siku moja. Padri huandika nyuma ya kadi, mtu yule anakunywa siku hiyo, kesho yake kiapo kinaendelea.

Kichwa kikatoka. "Ruhusa ya nini, binti? Kiapo chako kinaisha leo. Subiri kesho."

"Si ya leo. Ya nyuma."

"Ya nyuma lini?"

"Oktoba mbili, Baba. Mpaka leo asubuhi."

Nikamwona anataka kucheka na anajikaza.

"Nicolasa, ruhusa huombwa kabla ya sherehe. Baada ya sherehe inaitwa maungamo."

"Basi niungamishe, upesi."

Akaniungamisha. Akanipa rozari tatu za malipizi, na alipomaliza kunisamehe akasema, "Kwa Mungu umemaliza. Kwa Fermín hujaanza. Hilo siwezi kukufanyia."

"Nikisema ukweli atavuta, Baba. Atapoteza mguu kwa ajili yangu."

"Na usiposema?"

Nikamwacha na kanzu yake. Maswali ya namna hiyo ni rahisi kwa mtu ambaye hana kaka.

Ukumbi ulijaa. Mashine ikawekwa mezani chini ya picha ya Bikira, katikati ya mawaridi. Don Lupe akapuliza, kijani, makofi. Wanaume kumi na mmoja, kijani zote kumi na moja. Narudia mwasikie vizuri: wanaume ambao wake zao hawawezi kuwaamini hata na chenji ya mkate, walikaa miezi mitatu bila kuvuta kwa sababu waliahidi.

Fermín akaenda akiburuza mguu, na fimbo yake. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Mbili!" Binti Amparo akapiga kelele. "Mbili tu! Kama mtoto mchanga!"

Kijani. Watu wakasimama. Kaka yangu akaninyooshea mkono mbele ya ukumbi mzima na kusema kwenye kipaza sauti, "Ni kwa huyu. Njoo, mdogo wangu."

Nilikwenda. Chole alikuwa mstari wa mbele, macho yamemtoka, ananipa ishara ya kuzirai. Nilifikiria. Mimi huzirai vizuri, nilizirai kwenye mazishi ya mama mkwe wangu na hakuna aliyeshuku. Lakini miguu ikagoma kuanguka.

Nikapuliza.

Sikuona rangi kwanza, niliona uso wa Binti Amparo. Kisha akafanya jambo sikulitarajia. Akaifunika taa kwa kiganja, akageukia kipaza sauti, akasema kwa sauti ya furaha, "Jamani, betri! Imeisha betri kwa Doña Nicolasa wetu! Basi, tunamjua, makofi!"

Makofi yakaanza.

Mlango huo hapo, wasomaji wangu. Umefunguliwa, na msichana mwenyewe ameushikilia. Nilichotakiwa ni kutabasamu. Fermín angebaki na imani yake, redio na sauti yake, mimi na heshima yangu. Nikamtazama Fermín akipiga makofi, fimbo ameibana kwapani, na mfuko wa shati umejitokeza kidogo pale ilipolala ile sigara ya kesho. Hapo nikaelewa kwamba yule mwanamke anayempigia makofi hakuwahi kuwepo. Kesho atavuta akiwa na baraka zake. Na mimi ningeendelea kumtafunia mnanaa mpaka siku wanaukata mguu.

Nikamshika Binti Amparo mkono nikaubandua kwenye mashine.

"Betri nzima," nikasema, na kipaza sauti kikabeba mpaka kila jiko la Watsonville. "Mbovu ni mimi. Ishirini na moja, someni, nyekundu. Nimevuta leo asubuhi nikiwa na unga wa tamale mikononi. Nimevuta tangu Oktoba mbili, siku ile ile niliyowaambia redioni nimeacha."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mshenzi!" Mwingine akasema, "Mbele ya Bikira!"

"Bikira anajua tangu Oktoba!" nikamjibu. "Wewe ndiye unajua leo. Na nyie wazee msinikodolee macho. Don Lupe, pakiti ya kwenye friji ni ya nani? Nani kati yenu hana ya kesho mfukoni? Mimi sikuweza miezi mitatu. Ninyi mmeweza, mnataka kuitupa kesho asubuhi kwa sababu kadi imeisha! Tuambiane, nani mjinga zaidi?"

Sikulia. Anayetaka machozi akakate vitunguu.

Wanaume wakaanza kutazama viatu vyao. Lakini Fermín alikuwa ananitazama mimi. Uso wake ulikuwa mweupe. Akaja taratibu, fimbo ikigonga sakafu, na katika ukumbi ule wote niliisikia fimbo hiyo tu.

"Kila Jumatatu," akasema. "Nilikuwa naweka sikio pale kila Jumatatu."

"Najua, kaka."

"Nikilia."

"Najua."

Akatia mkono mfukoni, akatoa sigara yake. Akautoa mpira, akaitoa karatasi. Akatoa na kiberiti cha baba, kile cha chuma cha kutia petroli, alichokuja nacho kutoka Michoacán na hajakiacha siku hata moja. Watu wa redio hawakujua wafunge au waendelee.

"Nilikwambia siku utakayovuta wewe ndiyo nitakayovuta mimi," akasema.

"Usinifanyie hivyo. Nivunjie fimbo hiyo mgongoni, lakini usivute."

Akaitazama sigara ile, akainusa, akafumba macho. Kisha akairudisha mfukoni. Kiberiti akakiweka katika kiganja changu, akavikunja vidole vyangu mwenyewe, kimoja kimoja.

"Kaa nacho. Kadi yangu naongeza mpaka siku ya upasuaji. Yako pia. Lakini sitakusikiliza redioni tena, Nico. Kila Jumamosi saa nne utapuliza mbele yangu, kwa mashine ya huyu binti. Kijani, nakaa wiki nyingine. Nyekundu, utaniwashia hii kwa mkono wako, na kiberiti hicho hicho. Wewe. Simtaki mwingine."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Padri Eusebio akaandika tarehe mpya palepale juu ya meza ya tamale, na Don Lupe akaja nyuma yangu na kadi yake, nayo iongezwe.

Jumatano nilikaa. Alhamisi nilikaa, nikapiga ile namba ya simu mara tatu, mara ya tatu yule bibi wa simu akanijua kwa kikohozi. Mfukoni mwa aproni kiberiti cha baba kilikuwa kizito, kinanigonga paja kila nikiinama kwenye mstari.

Ijumaa, mapumziko ya saa nne asubuhi, nilikuwa naikwepa njia ya chumba cha barafu. Chole akanifuata hadi kwenye makabati ya nguo. Tangu Jumanne hakuwa amenisemesha.

"Umenitaja mbele ya watu?" akauliza.

"Sikukutaja."

"Najua. Nimekuja kukushukuru." Akatazama nyuma, akasogea. "Sikiliza, komadre. Nimemuuliza Binti Amparo mwenyewe, kijanja. Ile mashine inasoma moshi wa jana jioni na wa leo. Ukivuta sasa hivi, saa nne ya Ijumaa, kisha ukatulia, kesho saa nne itakuwa imesahau. Kijani kabisa. Kaka yako analala usingizi, wewe unapumua. Moja kwa wiki, kila Ijumaa. Hakuna atakayejua."

"Fermín..."

"Fermín anataka kijani. Utampa kijani. Unafikiri sikuoni? Tangu asubuhi unafunga mfuko mmoja wa brokoli mara tatu."

Akaninyooshea. Ilikuwa aina yangu, ile ya karatasi nyeupe. Ningeweza kuwaambia kwamba sikuipokea.

Niliipokea. Ilikuwa tayari mdomoni, kavu, na harufu yake imenijaa kichwa, Chole alipojipapasa mifuko yote miwili, akatukana, akacheka.

"Nimesahau kiberiti kwenye koti," akasema. "Wewe unacho?"

Nilikuwa nacho.